Sura ya Tisa: Mafuta ya Breki

Mkuu wa kituo alimpa Sajini Miwani mpaka saa tisa alasiri, na alimpa shingo upande. Kwa maoni yake jalada lilikuwa limekamilika: mtu amekufa, aliyemfungia breki anajulikana, na wapo mashahidi watatu waliomsikia akimtabiria kifo. Hiyo ni kesi ya kuua, alisema, tuache kuipamba kwa jina la ajali. Kama Sajini alitaka kuchezea vyuma kwa saa sita zaidi, achezee, lakini saa tisa jalada lingepanda gari kwenda kwa mwendesha mashtaka na Fundi Nati angelifuata.

Sajini hakubishana naye. Alishafanya naye kazi miaka ya kutosha kujua kwamba bosi huyu habishwi kwa mdomo, anabishwa kwa karatasi. Alisaini daftari, akachukua ufunguo wa stoo ya vielelezo, akaenda kumtazama kwa mara ya tatu shahidi pekee ambaye hakuwa ametia chumvi hata kidogo, yaani baiskeli yenyewe.

Marehemu alikuwa tarishi wa maabara. Kila asubuhi alifunga sanduku la sampuli za damu nyuma ya baiskeli, akalitoa zahanati ya juu akalishusha maabara ya bondeni. Ni kilomita nne, na mbili kati ya hizo ni mteremko mtupu unaoishia kwenye kona kali, mbele ya ukuta wa matangi ya maji. Breki zake za zamani zilikuwa zile za waya, zenye vipande vya mpira vinavyobana rimu. Mvua ikinyesha zinateleza, na mwaka huu mvua ilikuwa haina huruma. Basi akaamua kuzing'oa na kufunga breki za diski za mafuta, ambazo ukigusa mkono wa breki kwa kidole kimoja zinakamata hata kwenye maji. Aliyemfungia ni Fundi Nati. Siku ya kumi na saba baada ya kufungwa, saa mbili asubuhi, tarishi alishuka mteremko ule mara ya mwisho. Walioshuhudia walisema alikuwa amekaza mikono yote miwili ya breki hadi ikagusa usukani, na baiskeli haikuwa na habari naye.

Hiyo ilikuwa siku tisa zilizopita. Tangu siku hiyo Fundi Nati alikuwa mahabusu.

Baiskeli ilikuwa imelazwa juu ya meza, foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imepinda, nalo gurudumu limekunjwa mara mbili. Sajini alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alianza na yale ambayo alishayaona. Kwenye paipu ya mafuta ya breki ya mbele palikuwa na mkwaruzo mrefu, na juu ya mkwaruzo huo ndipo nadharia yote ya bosi wake iliposimama: fundi alimchukia mteja, akaichana paipu kidogo, mafuta yakavuja polepole, siku ikafika. Kisha akatazama jambo ambalo alikuwa ameliandika siku ya kwanza na kuliwekea alama ya kuuliza. Kwenye fremu, chini ya mikono ya breki, kulia na kushoto, rangi ya bluu ilikuwa imevimba vipele na kukunjamana. Alikuwa ameandika: rangi imeharibika, mgongano? Leo alipima kwa rula kutoka pale hadi mahali ukuta ulipogonga. Ukuta haukufika huko. Alifuta neno mgongano, akabakiza alama ya kuuliza.

Alikwenda kumtoa Fundi Nati.

Alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vinene visivyojua kukaa bure. Hata pale, bila chombo chochote, kidole gumba chake kilikuwa kinazungusha ncha ya meza kana kwamba kuna kitu kimelegea. Sajini alimsomea maneno yake mwenyewe kutoka kwenye maelezo ya mashahidi: "Utakuja kufa na vyuma vyako vya kuokota." Akamuuliza kama aliyasema.

"Niliyasema, Afande. Na ningeyasema tena."

"Mtu amekufa kweli."

"Ndiyo maana sili."

Alieleza, na Sajini akamwacha aeleze bila kumkatiza. Siku ya kwanza tarishi alikuja na mfuko wa vifaa vya mtumba alivyochagua mwenyewe. Mkono wa breki ulikuwa wa kampuni moja, na taya, kile chuma kinachobana diski, zilikuwa za kampuni nyingine. Kwa macho zinafanana, zote nyeusi, zote zinang'aa, lakini ndani hazijuani. Diski aliyoleta ilikuwa kubwa kupita kipimo cha foku. Tarishi alishikilia kwamba breki ni breki, zifungwe tu. Hapo ndipo fundi alipopandisha sauti, mtaa mzima ukasikia, na mashahidi watatu wakapata cha kuja kusimulia. Sehemu ambayo hawakuisimulia ni kwamba tarishi alirudi siku tatu baadaye na seti kamili, mikono na taya vya kampuni moja, na kwamba walifanya kazi pamoja siku nzima wakicheka.

Kadi ya kazi ilikuwamo kwenye vielelezo. Fundi Nati alikuwa na tabia hiyo, ambayo majirani zake waliichekea, ya kuandika kadi kwa kila baiskeli kama daktari. Sajini aliiweka mezani baina yao. Fremu na foku: masikio ya kufungia taya yapo. Habu, vitovu vya magurudumu: matundu sita, sawa na diski. Diski: milimita mia na sitini mbele na nyuma. Taya na mikono: pacha. Mafuta: chupa nyekundu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: AMEAMBIWA ASIIPINDUE. Vipimo vyote Sajini alikuwa amevihakiki kwa rula na kwa kuhesabu, na vyote vilikuwa sawa.

"Asiipindue kwa nini? Kila mtu akipata pancha anaipindua baiskeli."

"Ndiyo maana niliandika kwa herufi kubwa. Juu ya mkono wa breki kuna kikopo cha mafuta, na ndani yake haikosekani hewa kidogo. Ukiisimamisha kichwa chini, hewa inaingia kwenye paipu na mkono unakuwa laini. Lakini hiyo haiui mtu, Afande. Unaisimamisha sawa, unakamua mkono mara nyingi, hewa inapanda, breki inarudi."

"Na asiyejua hilo?"

"Ataniletea."

"Alikuletea?"

Fundi Nati alitikisa kichwa. Sajini alimuuliza kuhusu mkwaruzo wa paipu, naye akasema hajui lolote, na akasema hivyo bila kupepesa macho. Akarudishwa ndani. Akiwa mlangoni aligeuka akauliza kama kuna mtu amefunika mashine zake, maana kibanda kinavuja. Hakuna aliyekuwa amefunika chochote, na Sajini hakumwambia.

Saa nne na nusu alifika Mama Gia na sanduku lake la vifaa. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli za mbio, mwanamke mnene wa maneno machache, mwenye duka la madirisha mawili ya vioo upande wa pili wa mji. Sajini alimchagua kwa sababu moja: alikuwa haelewani na Fundi Nati. Waligombana zamani juu ya mteja mmoja na hawajasalimiana tangu hapo. Mama Gia mwenyewe alilitangaza kabla hajavua koti, ili lijulikane.

"Simpendi. Kama ameua nitasema, dada. Kama hajaua nitasema pia, na itaniuma."

Sajini alimwandikisha, akamwita konstebo wa kaunta awe shahidi, wakafunga mlango wa stoo. Mama Gia aliizunguka baiskeli mara mbili mikono ikiwa nyuma. Aliisoma kadi ya kazi, akaguna, na guno lenyewe lilikuwa la mtu anayetafuta kosa asilione. Kisha akaenda kwenye paipu yenye mkwaruzo. Aliikunja taratibu chini ya mwanga wa dirisha, akaupitisha ukucha juu ya mchano. Alisema ni ngozi ya juu tu iliyochanika, na imechanika kwa kitu butu kilichotoka mbele, yaani ukuta. Ndani ni nzima. Alifungua skurubu ya kikopo kuwahakikishia: mafuta yamo, yamejaa hadi kwenye mdomo.

Nadharia ya mkuu wa kituo ikafia hapo. Lakini Sajini hakufurahi, kwa sababu swali lilikuwa limezidi kuwa baya. Breki yenye mafuta tele, iliyofungwa sawasawa, ilikataa kushika.

"Kamua mkono," Mama Gia alimwambia konstebo.

Konstebo alikamua. Mkono wa breki ulikwenda hadi usukani bila kizuizi chochote, kisha haukurudi. Ulibaki huko, umelala. Mama Gia alikunja uso. Alichukua spana ya L, akaufungua mkono wa breki wote juu ya kitambaa cheupe, na kuitoa pistoni ndogo iliyo ndani yake kulimchukua dakika kumi kwa sababu haikutaka kutoka. Ilipotoka aliishika kwa kibano na kuwaonyesha. Vile vipete vyake viwili vya mpira, ambavyo vinapaswa kuwa vyembamba na imara, vilikuwa vimevimba, laini, vinateleza. Alivibonyeza, vikabonyea kama ngozi ya kidole iliyokaa majini.

Alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, lile ambalo mafundi wa breki za mafuta hulitumia kujazia, akayanyonya mafuta kutoka kwenye kikopo cha upande wa pili, akaliinua dirishani. Ndani ya bomba palikuwa na rangi mbili. Chini manjano hafifu, juu nyekundu, na katikati ukungu mahali zilipokataa kuchanganyika.

"Haya mekundu ni ya baiskeli," alisema. "Ndiyo aliyoweka Nati. Haya ya manjano ni ya gari."

"Kwa hiyo si mafuta ya breki."

"Ni mafuta ya breki, dada. Ndio ubaya wake. Ingia duka lolote la spea uombe mafuta ya breki, utapewa haya, na muuzaji atakuwa hajakudanganya. Mipira ya gari imetengenezwa kwa haya. Mipira ya breki hizi imetengenezwa kwa yale mekundu. Ukiyamimina haya humu, siku ya kwanza breki inashika vizuri kuliko jana. Siku ya tatu mipira imeanza kunywa. Wiki ikifika pistoni imekwama, na wewe uko mteremkoni."

Sajini alimwonyesha rangi iliyovimba kwenye fremu. Mama Gia aliomba kifuniko cha kopo la zamani kilichopakwa rangi, akadondosha tone jekundu upande mmoja na tone la manjano upande wa pili, akasema wakanywe maji warudi. Waliporudi baada ya nusu saa, chini ya tone jekundu rangi ilikuwa vilevile. Chini ya lile la manjano ilikuwa imeinuka vipele na kukunjamana. Mtu aliyemimina alimwaga kidogo, kulia na kushoto, akafuta kwa kitambaa, akadhani ameshafuta yote.

Sajini aliandika kila kitu, akampa Mama Gia asome, akasaini. Fundi Nati siku aliyokamatwa alipekuliwa hadi chini ya godoro la kibanda, na zilipatikana chupa saba za mafuta ya breki, zote nyekundu. Katika mtaa ule wote wa tarishi hapakuwa na gari. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuishi kwa magari, na mtu huyo alikuwa amekuja kituoni asubuhi hiyohiyo, kama alivyofanya asubuhi nane kabla yake.

Mama Gia alikuwa anapanga vifaa vyake. Alimtazama Sajini usoni, akamuuliza kama ni mtu wanayemjua. Sajini alisema zimebaki saa tatu kufika saa tisa, akachukua kofia yake.

Baba wa marehemu aliitwa Mzee Gereji, na jina hilo lilishinda hata lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa magari miaka thelathini na minane. Tangu mwanawe afe alikuwa akifika kaunta saa moja asubuhi, amevaa koti, kuuliza Fundi Nati atanyongwa lini. Kisha alikuwa akizunguka nyuma, kwenye dirisha la mahabusu, na kumwaga matusi ya nguoni hadi konstebo amwondoe kwa upole. Yeye ndiye mlalamikaji. Sahihi yake ilikuwa ya kwanza katika jalada.

Alimpokea Sajini kwa heshima kubwa, akampa kiti chake mwenyewe. Sebule ilikuwa safi mno. Ukutani, mahali wengine hutundika picha, zilipangwa spana kutoka ndogo hadi kubwa, zimepakwa mafuta zisishike kutu. Mkamwana wake, mjane wa tarishi, alileta glasi ya maji, akasimama karibu na mlango wa jikoni kwa sababu hakuambiwa aketi wala aondoke. Watoto walikuwa shule.

Mzee alianza mwenyewe kabla hajaulizwa. Alisema ni vizuri Sajini amekuja, kwa sababu kuna jambo alilisahau siku ya kutoa maelezo na limemnyima usingizi. Lingemfunga yule mtu kabisakabisa. Sajini alifungua daftari.

"Yule mshenzi aliweka mafuta kidogo," Mzee alisema. "Mwanangu alipata pancha, akaziba, baada ya hapo akaniambia, baba, mkono wa breki umekuwa laini. Mimi nikajua papo hapo. Hayo ni mafuta yamepungua. Nikafungua vikopo vyote viwili kwa mkono wangu, nikakuta kweli havijajaa. Nikaongeza. Fundi gani huyo anamkabidhi mtu breki haina mafuta? Huo ni ushahidi, si ushahidi?"

Sajini alisema ni ushahidi. Aliuliza ilikuwa siku gani. Ilikuwa Jumatano. Tarishi alikufa Jumanne iliyofuata.

"Uliongeza mafuta gani, Baba?"

"Mafuta ya breki."

"Ulinunua?"

"Ninunue nini, na nimekaa gereji maisha yangu yote? Nilikuwa na chupa haijafunguliwa, nilijiwekea. Mafuta bora kabisa. Mimi simwekei mwanangu takataka."

Alikwenda kuileta, na alitembea haraka, kwa furaha chungu ya mtu aliyepata silaha. Aliporudi aliiweka mezani mbele ya Sajini. Ilikuwa chupa ya manjano, imepungua robo. Picha kwenye lebo ilikuwa ya gari.

Hapo Sajini aliweka kalamu chini. Sheria ilimtaka afanye jambo ambalo angelipa mshahara wa mwezi mzima asilifanye. Aliketi wima, akasema maneno ya onyo, yaleyale anayowaambia wezi na majambazi: kwamba Mzee halazimiki kusema lolote, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi.

Mzee alicheka kidogo. "Unanipa onyo mimi tena? Mimi ndiye mlalamikaji."

"Najua, Baba. Nina swali moja la kazi yako. Mtu akiweka mafuta ya injini kwenye breki za gari, kunatokea nini?"

Lilikuwa swali rahisi, na Mzee alilipokea kama wazee wanavyopokea swali la kazi waliyoiacha, kwa hamu. Alisema huo ni ujinga wa watu wasiosoma. Mipira ya breki ya gari haipatani na mafuta ya aina ile. Inayanywa, inavimba, pistoni inakwama, siku mbili tatu gari haina breki. Kila mpira una mafuta yake. Alishawahi kumfukuza kazi mtu mzima na ndevu zake kwa kosa hilohilo, akamwambia wewe utaua watu, na yule mtu akajitetea kwamba mafuta ni ma...

Alikuwa amenyoosha kidole chake kuonyesha jinsi pistoni inavyokwama, na kidole kikabaki hewani. Macho yake yalishuka hadi kwenye chupa. Sajini hakuwa na haja ya kueleza chochote, na hakueleza. Alimwona mzee akiipita njia yote peke yake, kutoka kwenye mpira hadi kwenye mteremko, na ilimchukua muda mfupi sana kwa sababu alikuwa fundi mzuri.

Mjane pale mlangoni alitazama mmoja, akatazama mwingine, akashika fremu ya mlango.

Mzee alishusha kidole. Alisema amekosea. Anachanganya mambo, ni uzee na huzuni. Hakuongeza mafuta yoyote, alikuwa amefikiria tu kuongeza. Sajini afute.

"Siwezi kufuta, Baba. Na chupa hii naondoka nayo."

"Basi andika kwamba nimekana." Aliisukuma chupa mbali naye. "Nina wajukuu wawili humu ndani. Wananiita nani kesho? Yule fundi ni kijana, hata wakimfunga atatoka. Mimi nikitoka humu nimekwisha."

Sajini alikuwa na la kujibu, lakini alitanguliwa.

"Baba," mjane alisema, "mimi ndiye niliyekuwa nakamua."

Mzee hakumgeukia.

"Uliniita, ukaniambia kamua, achia, kamua, achia, wewe unamimina. Baba watoto alikuwa amesimama pale anatucheka, anasema sasa ana mafundi wawili. Yalimwagika, nikafuta na kanga yangu." Alikuwa anasema polepole, bila kulia, kama mtu anayehesabu vyombo. "Ukikana, nitaandika mimi. Sitakulaumu. Ila nitaandika."

"Unataka watoto wajue."

"Yule aliye ndani na yeye ana watoto. Nilimwona mkewe sokoni akanipisha njia kama mimi ndiye mwenye ukoma. Siwezi, Baba."

Mzee Gereji alikaa akiitazama chupa. Baadaye alivuta kiti karibu na meza, akasema Sajini aandike, na akataka iandikwe vizuri: aina ya mafuta, kiasi, siku, saa. Alimsahihisha mahali pawili palipokuwa na makosa ya kiufundi. Kisha akasaini kila ukurasa kwa mwandiko nadhifu, jambo ambalo lilimuumiza Sajini kuliko kule kukana.

Walifika kituoni saa tisa kasorobo. Mkuu wa kituo alisoma ripoti ya Mama Gia, akasoma maelezo ya mzee, akasoma ya mjane. Aliuliza kama ina maana hakuna aliyeua. Sajini alisema aliyeua yupo, asiyekuwepo ni aliyekusudia. Mkuu alitia sahihi karatasi ya kumwachia mtuhumiwa, akalifunga jalada la kuua, akaulizia chai yake, na siku tisa za mtu zikaishia hapo bila hata neno la samahani.

Mzee Gereji alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele ya kaunta, koti lake limefungwa hadi juu, akisubiri kuchukuliwa alama za vidole kwa jalada jipya. Sajini alikuwa bado anaandika hati ya vielelezo alipomsikia konstebo akifungua mlango wa ndani. Fundi Nati alitolewa. Alikuwa ameambiwa kwamba anakwenda nyumbani, hakuambiwa kwa nini. Alisaini kupokea vitu vyake: funguo, kamba za viatu, mkanda. Alipogeuka alimwona yule mzee wa dirishani.

Angeweza kupita, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisimama mbele ya benchi, mkanda mkononi, suruali ameishikilia kwa mkono mwingine.

"Mzee, pole," alisema. "Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Mzee hakuinua uso.

"Nimekaa mle siku tisa naifungua ile baiskeli kichwani, nati moja moja. Sijaona nilipokosea. Wewe umezijua breki kabla mimi sijazaliwa. Unadhani ilikuwa nini?"

Sajini aliinuka kwenye kiti. Karatasi alikuwa nayo mkononi na maneno ya kueleza alikuwa nayo, lakini Mzee aliwahi.

"Mipira ilivimba."

Fundi Nati alirudia neno hilo kwa midomo bila sauti. Kisha Sajini akaona mambo yakifuatana akilini mwa fundi, mpira, mafuta, chupa, na uso wake ukabadilika taratibu. Alimtazama yule mzee kwa muda, viganja vyake vikubwa vilivyokaa magotini, kucha zenye weusi usiotoka wa miaka thelathini na minane.

"Ya gari," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

Konstebo alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Fundi Nati alipitisha mkanda kwenye tundu la kwanza la suruali, akalikosa la pili, akajaribu tena.

"Ungeniletea," alisema. Hakukuwa na matusi katika sauti yake, na ingekuwa afadhali yangekuwemo. "Ni mtaa wa pili tu, mzee. Dakika tano. Ungeniletea."

Alimaliza kufunga mkanda, akachukua funguo zake kaunta, akatoka kwenda kuona mvua imefanya nini kibandani.